Mashairi ya matembezi ya mashambani, Lamu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeulizwa barazani, kwenye simu, na njiani kabisa, mtu anatoa mwiba mguuni huku akitaka kujua tofauti ya kina (sauti ya mwisho inayorudi) na mizani (hesabu ya silabi). Mengine huja kila wiki kwa maneno yaleyale, ndiyo maana nimeyaweka pamoja. Palipo na jibu kwingine nimeelekeza huko badala ya kurudia.

## Mambo ya mwanzo

Shairi la matembezi ni shairi la namna gani?

Ni shairi ambalo lisingekuwepo kama miguu isingetoka nyumbani. Kipimo changu ni hicho tu. Ukiweza kulitunga kitandani, basi ni shairi la kitandani, hata likijaa minazi.

Halihitaji kusifu kitu. Wengi hudhani kazi ya shairi la namna hii ni kusema Lamu ni nzuri. Lamu inajulikana kuwa ni nzuri, na waliokwisha kusema hivyo ni wengi. Kisichojulikana ni kile ulichokiona wewe asubuhi ile, ukitoka mtaa wa Langoni kuelekea mashambani, kabla jua halijapanda.

Si mambo ya Wazungu haya, kutembea bila kazi kisha kuandika?

Swali hili huulizwa kwa kicheko, lakini lina haki yake. Kweli Mwingereza William Wordsworth alijulikana kwa kutembea milima na maziwa ya kwao akitunga, na Mjapani Matsuo Bashō mwaka 1689 alifunga safari ya miezi kadhaa kwa miguu kuelekea kaskazini mwa nchi yake, akiandika njia nzima. Hao wana yao.

Sisi tuna yetu, ila hatukuyaita matembezi. Wakulima wa Kibajuni wana vave, nyimbo zinazoimbwa usiku wa kuamkia kuchoma msitu uliofyekwa ili shamba lilimwe. Ndani ya vave mna miti, wadudu, ndege, moto na upepo, vyote vimeitwa kwa majina yake na watu wanaovikanyaga kila siku. Wavuvi nao wana kimai, ushairi wa maji. Na katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauongoza moyo wake kati ya majumba ya mji wa Pate yaliyokufa: madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyokuwa yakipangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Ule ni utungo wa dini na wa kuipa dunia kisogo, najua, lakini yule ni mtu anayepita chumba baada ya chumba akitazama. Asiyetembea haoni makinda dakani.

Kwa hiyo ukiambiwa unaiga Wazungu, jibu kwamba babu zako walipita huko, nao walikuwa na kazi ya kufanya.

Lazima nijue arudhi kwanza?

La. Lazima ujue kutazama. Arudhi, yaani kanuni za kutunga, utajifunza kwa wiki mbili ukiwa na nia, na sehemu ya kutunga hapa chini itakuanzisha.

Kuzunguka mjini kunahesabika?

Kunahesabika. Ukipita Usita wa Mui, njia kuu ya mji, kutoka mtaa wa Mkomani hadi Langoni saa ya watu kurudi sokoni utapata mashairi kumi. Ila ukurasa huu ni wa mashamba, kwa sababu moja: mjini watu watakusimamisha kila hatua tatu, na shairi hukatika kwenye salamu ya nne.

## Njia, saa na maji

Nianzie njia gani?

Anza na fupi. Kutoka mjini hadi Shela kwa ufuo ni kama dakika 40, na kila mtu anaijua. Upande wa kushoto una mkondo na kisiwa cha Manda ng'ambo, kulia una kuta na bustani. Ni njia nzuri ya kufanyia mazoezi kwa kuwa huwezi kupotea, na kwa kuwa umeipita mara mia itakulazimisha kutafuta kipya.

Ukizoea, ingia ndani. Njia ya Matondoni hupita katikati ya kisiwa, kwenye minazi, miembe na mikorosho, mchanga mwingi, kivuli hapa na pale. Ni mwendo wa kama saa mbili kwa asiyekimbia. Uzuri wake ni kwamba unakifikia kijiji kwa masikio kabla ya macho: ukikaribia, na kama kuna chombo pwani kinachotengenezwa, utasikia nyundo za mafundi. Mara ya kwanza nilidhani ni ndege gogota. Nilishaandika mshororo mzima wa gogota, nikafika nikakuta watu wanatia kalafati jahazi, pamba inapigwa kwenye nyufa za mbao. Niliufuta mshororo, kisha nikaurudisha hivyohivyo na kosa lake, kwa kuwa kosa lile lilikuwa ndilo shairi.

Kipungani ni mbali zaidi. Nenda na maji ya kutosha na mtu anayejua njia. Huko wanawake husuka mikeka, na ukiketi kwa adabu utafundishwa majina ya ukili ambayo hutayapata kwenye kamusi. Milima ya mchanga ya nyuma ya Shela nayo ina mashairi yake, lakini tembea kwa heshima: chini ya mchanga ule ndipo yalipo maji matamu tunayokunywa mji mzima.

Saa gani ni nzuri?

Baada ya swala ya alfajiri, au alasiri jua likishavunjika. Saa sita mchana si saa ya ushairi. Ni saa ya kivuli.

Na msimu?

Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, njia ni kavu, mbingu ni safi na watu wote wanakwambia ndio wakati wake. Mimi napenda mwisho wa masika. Mchanga umeshikana, mguu hauzami, mimea iliyokuwa kama imekufa imetoa majani, na kila shimo lina maji. Wakati wa kusi upepo unatoka kusini, unakupiga usoni ukielekea Shela na huwezi kusikia unalolisema, jambo ambalo kwa washairi wengine ni faida.

Usichoke kuandika jina la upepo. Msomaji wa pwani ukimwambia "kusi" umeshampa mwezi, mawimbi, bei ya samaki na vyombo vilivyopandishwa pwani, kwa silabi mbili.

Kwa nini mnasisitiza kuuliza saa za maji kujaa na kupwa kabla ya kutoka?

Kwa sababu mimi sikuuliza. Nilikuwa Shela hadi magharibi, nikarudi kwa njia ya ufuo usiku wa bamvua, yaani wa maji makubwa. Maji yalikuwa yameshakula njia. Nilipita nimejibana na ukuta, maji kiunoni, kikoi nimekikunja begani na daftari nimeliweka kichwani kama mwanamke aliyejitwika ndoo. Daftari lilipona. Simu haikupona, wala makubadhi.

Siku za mwezi mpya na mwezi mpevu maji hujaa sana na kupwa sana. Kati yake ni maji mafu, hayana wasiwasi. Muulize nahodha yeyote, atakwambia saa bila kutazama kitu. Na ukienda magofu ya Takwa, kule Manda, hesabu zinageuka: mashua huingia kwa mkono wa bahari kati ya mikoko maji yakiwa yamejaa, na yakipwa mkiwa bado mnasoma kaburi la mnara, mtangoja. Kaburi lile lina mwaka 1094 wa Hijria, yaani kama 1682 au 1683. Watu wa Shela bado huenda kuomba mvua pale, kwa hiyo ukilikuta jambo hilo linafanyika, weka daftari mfukoni.

Nibebe nini?

Maji. Daftari dogo na penseli, si kalamu, maana jasho huivuruga wino. Kofia. Ndara ni sawa hadi Shela, lakini mashambani kuna mbigili, vaa kitu kinachofunika. Simu zima sauti.

Niende peke yangu au na wenzangu?

Kwa kuona, peke yako. Kwa kusikia, na mwenzako mmoja mzee kuliko wewe. Mzee atakwambia mkwaju huu ulipandwa na nani na kwa nini njia inapinda hapa wakati ingeweza kwenda moja kwa moja. Kundi la watu sita ni mandari, na mandari yana raha yake, lakini mashairi hayatatoka.

Mimi ni mwanamke. Watu watasema nini nikionekana nazurura mashambani na daftari?

Nimeulizwa hivi na wasichana watatu kwa mwaka mmoja, na sitajifanya kwamba hakuna atakayesema. Ushauri niliopewa na bibi mmoja wa mtaa wa Wiyoni, nami naupitisha kwenu: nenda na wanawake wanaokwenda kukata miyaa, majani ya kusukia mikeka. Wanatoka asubuhi, wanaijua kila njia, wanacheka kuliko baraza lolote la wanaume, na hakuna anayemuuliza mtu aliye nao alikuwa anafanya nini. Wewe kata miyaa kidogo, andika kidogo.

Kuhusu ushairi wenyewe, kwa Waswahili wa huku hilo si swali. Mwana Kupona binti Mshamu alimtungia binti yake utendi mwaka 1858 na mpaka leo tunausoma.

Niandike palepale au nikifika nyumbani?

Palepale andika majina na vitu, nyumbani andika shairi. Yule Wordsworth niliyemtaja aliona maua ya manjano kando ya ziwa tarehe 15 Aprili 1802, akiwa na dada yake Dorothy. Dada ndiye aliyeyaandika kwenye kumbukumbu zake za siku. Kaka alikuja kulitunga shairi baadaye, likachapwa 1807. Yaani wimbo ule maarufu wa mpweke anayetangatanga ulikuwa na mtu wa pili, na huyo wa pili ndiye aliyekuwa na daftari.

Kwa hiyo uwe Dorothy wako mwenyewe. Usiandike "mandhari ya kupendeza". Andika: "Mkorosho umeanguka lakini bado unazaa. Punda wawili wamesimama kivulini mwake."

## Kutunga

Bahari gani, yaani aina gani ya shairi, inafaa?

Inategemea njia ilivyokuwa. Kama matembezi yalikuwa na tukio moja, chukua tarbia: mishororo minne kwa ubeti, kila mshororo mizani 16, vipande viwili vya nane nane, kina cha kati na kina cha mwisho. Inatosha kushika kitu kimoja na kukigeuza.

Kama unataka njia nzima, kutoka mlangoni hadi urudipo, chukua utenzi. Mizani nane kwa mshororo, mishororo mitatu ya mwanzo ina kina kimoja, wa nne una kina kinachorudi ubeti hadi ubeti. Utenzi unatembea wenyewe. Hivi:

Ndia yenda Matondoni,
yapita mikorosheni,
na punda wa mashambani
husimama wakangoja.

Hapo kila ubeti utakaofuata utaishia kwa "ja", na utajua taabu yake ukifika ubeti wa thelathini.

Bashō na wenzake walikuwa na bahari ya silabi 17 kwa shairi zima, yaani moja tu zaidi ya mshororo wetu mmoja. Jaribu siku moja kutunga mshororo mmoja tu wa mizani 16 kwa matembezi mazima, usiongeze. Ni zoezi gumu kuliko linavyoonekana.

Nahesabu vipi mizani huku natembea?

Kwa vidole, bila dole gumba. Vidole vinne kila mkono, jumla nane: kipande kimoja kimekwisha. Ukigusa cha mwisho na neno halijaisha, lina mizani mingi. Neno likiisha kabla, limepungua.

Kumbuka kwamba "m" inayosimama peke yake mbele ya konsonanti ni mizani: m-na-zi ni tatu, m-vu-a ni tatu. Lakini "mb" na "nd" za ndani ya neno hazikatwi: pu-nda ni mbili, sha-mba ni mbili. Wengi huanguka hapo.

Wengine huhesabu kwa hatua, silabi mbili kila hatua, hatua nne kwa kipande. Nimejaribu. Ni tamu kwenye njia ngumu ya ufuo maji yakiwa yamepwa, lakini kwenye mchanga mwingi mizani yote hulegea na shairi linachoka kabla yako.

Tuoneshe ubeti unavyojengwa, tangu mwanzo.

Hili ndilo linaloombwa kuliko yote, na nitalijibu kwa ubeti wangu mwenyewe ili nisimwonee mtu.

Asubuhi moja baada ya mvua nilikuwa njiani kuelekea Matondoni. Akilini nilikuwa na karo ya mtoto, hakuna kingine. Kando ya njia palikuwa na kifuu, nusu ya nazi iliyokunwa na kutupwa, kimekaa wima, kimejaa maji ya mvua. Ukingoni walikuwapo sisimizi wawili. Niliinama nikatazama muda ambao siwezi kuukadiria. Daftarini niliandika: "Kifuu kando ya njia. Maji ya mvua. Sisimizi wawili ukingoni. Karo nimeisahau."

Nyumbani nikaandika mshororo wa kwanza uliokuja: *Kando ya njia naona kifuu*. Hesabu kwa vidole: ka-ndo-ya-nji-a-na-o-na-ki-fu-u. Kumi na moja. Nikaondoa "ya njia", maana kifuu kikiwa kando bila shaka ni kando ya njia. *Kando naona kifuu*: nane. Kipande cha pili: *mai ya mvua ndani*, nane. Sasa kina cha kati kimekuwa "uu" na cha mwisho "ni", na vyote vingine vikafuata amri hiyo. "Uu" ilileta miguu, juu na makuu. "Ni" ni kina rahisi mno, kila mahali pana "ni" yake, lakini kwa ubeti wa njia urahisi huo unasaidia: mnazini, majanini, ndiani.

Nilitoka kwa miguu, umande u majanini,
Kunguru walia juu, wagombea mnazini,
Kando naona kifuu, mai ya mvua ndani,
Nikasahau makuu, nikainama ndiani.

Tazama kilichopotea: sisimizi. Nilihangaika nao siku mbili, hawakupata nafasi ya kukaa. Bado wananiuma. Tazama na kilichopatikana: "makuu". Nilimaanisha mambo makubwa, yaani karo. Waliosoma wakaona ni kujipa makuu, kwamba mtembezi ameacha kiburi akainama. Sikuwakatalia. Neno likibeba mizigo miwili bila kulalamika, liache.

Kwa nini umeandika "mai" na "ndiani"? Si makosa?

Ni Kiamu, Kiswahili cha Lamu. Njia kwetu ni ndia, maji ni mai, macho ni mato, mchanga ni mtanga, juu ni yuu. Mashairi mengi ya kale ya pwani hii yametungwa kwa lugha hiyo, na mtu akitembea Lamu huku akiwaza kwa Kiamu sioni kwa nini abadilishe nguo mlangoni mwa shairi.

Lakini shika moja. Msomaji mmoja alinikamata: "Mwalimu, mbona umesema ndiani kisha ukasema juu? Ungesema yuu, kina hakibadiliki wala mizani." Kweli tupu. Sikuwa na sababu ila uvivu. Kama hukukulia Kiamu, usikinyunyize kama bizari ili shairi linukie Lamu, watu watajua. Tunga kwa Kiswahili chako cha Garsen, Mombasa au Nairobi.

Naruhusiwa kukata neno ili mizani itimie?

Unaruhusiwa, ndiyo inkisari: "nimeona" ikawa "meona". Na kurefusha pia, mazida: "kwenda" ikawa "kwenenda". Ila mkato mmoja kwa ubeti unatosha. Ikizidi, msomaji anaanza kuhesabu vidonda badala ya kusikiliza.

Shairi huru je?

Tunga. Ugomvi wa mashairi huru na ya arudhi umeshapiganwa na watu wenye nguvu kuliko sisi. Langu ni dogo: usilikimbilie kwa sababu umeshindwa kuhesabu. Jaribu kwanza jibu la vidole hapo juu. Ukishaweza nane kwa nane na bado njia yako inataka mshororo wa silabi tatu, basi ni haki yake.

Mashairi yangu yote yana minazi, bahari na machweo. Nifanye nini?

Jikataze vyote vitatu kwa mwezi mmoja. Kisha tembea ukitazama chini ya goti. Utaona nyayo za kaa, kamba ya mbuzi iliyokatika, kinyesi cha punda chenye mdudu anayekisukuma, majivu ya shamba lililochomwa, na mizizi ya mkoko iliyotoka matopeni kama penseli. Jifunze majina. Anayejua kutofautisha mkoma na mkindu ana shairi ambalo anayesema "mti" hana.

Harufu pia zimesahauliwa. Matope ya mikoko maji yakipwa yananuka vibaya, na sijaona shairi la Lamu linalokiri hivyo.

## Maswali magumu

Nimekutana na mzee shambani kwake, akanisimulia mambo. Naweza kumtaja?

Muulize. Asipotaka, mtaje kwa kazi yake au mti wake. Na usimwandike kabla ya kumwamkia. Mtu anayepita shamba la mwenziwe bila "sabalkheri, babu", akaenda zake kumtungia beti, ameiba mara mbili. Mzee mwenyewe akijibu "sabalkheri, mwanangu, ndoo (njoo) unywe dafu", hapo una ruhusa ya dafu. Ruhusa ya shairi ni nyingine.

Njia niliyoitungia haipo tena. Shairi lina maana gani sasa?

Hili linazidi kuulizwa. Viwanja vinauzwa, nyua zinajengwa, pikipiki zimeingia njia zilizokuwa za punda. Ng'ambo bara, Kililana, tangu gati la kwanza la bandari mpya lifunguliwe Mei 2021, kuna watu ambao shamba walilokuwa wakilifikia kwa miguu hawalioni tena.

Shairi hilo lisibadilishwe. Wala usiliongeze ubeti wa kulia mwishoni, kosa ambalo mimi nimelifanya zaidi ya mara moja. Lilivyoeleza njia kwa usahihi, ndivyo litakavyoidai njia hiyo. Ukiwa umetaja mkwaju, kisima na mahali njia inapopinda, umeacha ramani, na mjukuu anaweza kuulizia. Ukiwa umesema tu palikuwa pazuri, hakuna wa kuulizwa.

Miguu yangu haitembei. Haya hayanihusu?

Yanakuhusu. Panda punda, au kaa kwenye baraza ya mwisho wa mji ambapo njia ya shamba inaingia, utazame wanaorudi. Rafiki yangu mmoja aliyepooza ana shairi la mizigo: nani amerudi na nini kichwani, mwezi hadi mwezi. Anajua misimu ya kisiwa hiki kuliko mimi ninayekizunguka.

Nimeambiwa shairi langu ni guni. Nilie?

Guni ni shairi lenye kasoro ya vina au mizani, si tusi la ukoo. Mwombe aliyesema akuoneshe mshororo. Akiuonesha, mshukuru ukautengeneze. Asipoweza, endelea na njia yako.

Niyapeleke wapi yakikamilika?

Kwanza yasome kwa sauti, kwa mahadhi ikiwezekana, mbele ya mtu aliyewahi kupita njia hiyo. Akikatiza kusema "hapo pana mbuyu, umeusahau", umepata mhariri bora. Kisha kuna magazeti ya Kiswahili, redio, na sherehe za mji ambapo washairi hupewa nafasi kati ya mashindano ya punda na ya majahazi.

Tahadhari moja. Zamani nilipeleka shairi la ile njia ya kupita nyuma ya Shela mahali fulani pa kuchapisha. Lilitoka limebadilishwa jina likawa "Kisiwa cha Raha", na pembeni wameweka picha ya mwavuli wa ufukweni. Beti zilikuwa nane, zimebaki tano. Tangu hapo naandika juu ya karatasi kwa herufi kubwa: JINA LISIBADILISHWE. Mara nyingine wanasikia.

Mimi ni wa Malindi. Kuna njia huku?

Tele, na ni za aina nyingine. Msitu wa Arabuko-Sokoke una kilomita za mraba zaidi ya 400, na kwenye majani makavu hukimbia mnyama mdogo mwenye pua ndefu na kiuno cha rangi ya dhahabu ambaye karibu hapatikani kwingine duniani. Utamsikia kabla hujamwona, na pengine usimwone, jambo ambalo ni shairi tayari. Magofu ya Gede yako kando ya msitu huo, mizizi imeingia ukutani. Marafa kuna Nyari, korongo la udongo mwekundu, mweupe na wa manjano, lifikie jua likielekea kuzama. Mambo ya maji kujaa na kupwa hayakuhusu msituni, mengine yote ya juu yanakuhusu.

Kile kifuu kilikuwepo kweli, au ni cha shairi?

Kilikuwepo. Nilirudi siku ya nne, nikijiambia naenda Matondoni kwa shughuli. Jua lilikuwa limekausha njia. Watoto watatu walikuwa wamekichukua, wamekiweka juu ya mafiga ya mawe, ndani wametia mchanga na majani ya mkorosho. Mdogo wao aliniambia nikae kitako, wali bado haujaiva.